Fundi wa Mapambo na Biashara ya Jumla

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kuifuata barabara kuu iendayo Malindi, utapita Kongowea na Bombolulu, kisha utafika Mtopanga, mojawapo ya kata za Kisauni. Upande wa bahari ziko hoteli za Bamburi na ufuo wa watu wote. Upande wa bara zimesongamana nyumba za watu wa kila kabila waliokuja mjini kutafuta riziki. Katika mitaa ya namna hii wapo mafundi, wanaume kwa wanawake, watengenezao mapambo kwa mikono yao wenyewe: herini za shaba, bangili, vikuku, mikufu ya ushanga, na vidani vya mbegu au vya mfupa. Hawana kiwanda wala bwana wa kuwaajiri. Kiwanda chao ni baraza ya nyumba au kivuli cha mwembe, na vyombo vyao ni koleo, tupa, nyundo na msasa.

Wengi wao huuza kitu kimoja kimoja kwa mgeni apitaye ufuoni. Lakini mara nyingine hutokea mwenye duka, au wakala wa duka la ng'ambo, akaitazama kazi, akaipenda, kisha akasema: "Nataka jozi mia nne za herini kama hizi. Bei yako ya jumla ni kiasi gani?" Swali hilo ni fupi, lakini jawabu lake laweza kumwinua fundi au kumfilisi. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi fundi anayejitegemea anavyoweza kulijibu swali hilo kwa hesabu iliyo sawa, na mambo mengine ambayo hana budi kuyajua kabla ya kupokea kazi kubwa.

KAZI HII SI NGENI PWANI

Tangu zamani miji ya Pwani imekuwa na masonara wake. Lamu na Mombasa zilijulikana kwa wafua fedha na dhahabu, na bibi harusi hakutolewa nje pasipo vipuli, vikuku na mikufu. Ushanga nao una historia yake. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilichukua ushanga kuwa ndiyo fedha ya njiani. Kila nchi ilikuwa na rangi yake na ukubwa wake uliopendwa. Ushanga mwekundu ulioitwa samesame ulipokewa mahali pengi, lakini aina nyingine zilitakiwa mahali pamoja tu na kukataliwa mahali pengine. Msafara uliokosea rangi uliweza kuwa na mizigo tele ya ushanga, na hali wapagazi wake wana njaa. Jambo hilo ni fundisho kwa fundi wa leo: kazi yako yaweza kuwa nzuri machoni pako, lakini anayeamua ni yule atakayeinunua.

Katika miaka ya baada ya vita vikuu vya pili, kazi za mikono za Kenya zilianza kupata njia za kufika mbali. Huko Changamwe, mwaka 1963, wachongaji Wakamba walianzisha chama chao cha ushirika, ili kila mmoja achonge kwa mkono wake lakini vinyago viuzwe mahali pamoja. Bombolulu, jirani kabisa na Mtopanga, kilianzishwa mwaka 1969 kituo cha kazi za mikono kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo, chini ya chama kijulikanacho kwa herufi APDK. Kituo hicho kilijipatia sifa hasa kwa mapambo ya shaba na mbegu, ambayo yaliuzwa katika maduka ya nchi za ng'ambo. Na huko Karen, Nairobi, mwaka 1975, kazi ya ushanga wa udongo iitwayo Kazuri ilianza kwa kuajiri wanawake wawili tu, nayo baadaye ikawa kiwanda cha wanawake wengi. Mifano hii yatuonyesha ya kuwa pambo dogo laweza kusafiri mbali, mradi biashara yake ipangwe vema.

REJAREJA NA JUMLA

Kuuza rejareja ni kumwuzia mtu atakayekivaa kitu hicho mwenyewe, au atakayempa jamaa yake. Kuuza kwa jumla ni kumwuzia mtu atakayekiuza tena. Basi tofauti kubwa si wingi wa vitu peke yake. Tofauti ni kwamba baada yako yuko mwingine ambaye naye ni lazima apate riziki yake katika pambo lile lile. Yeye hulipa kodi ya duka, mishahara ya wauzaji, taa na matangazo. Na baadhi ya vitu alivyonunua vitakaa rafuni mwaka mzima bila kupata mtu. Kwa sababu hiyo wenye maduka wengi huiuza bidhaa ya mapambo kwa mara mbili ya bei waliyonunulia, na pengine zaidi. Fundi asione kuwa huo ni wizi. Duka lamfanyia kazi ambayo yeye mwenyewe angelazimika kuifanya: kungoja mteja.

Pengine mtu atauliza, "Mbona nisiuze mwenyewe ufuoni, nikapata bei yote?" Swali hilo ni la haki, na kwa siku za msimu jawabu lake laweza kuwa ndiyo. Lakini biashara ya ufuoni hutegemea wageni, na wageni wana majira yao. Mvua za masika zinapoanza, kuanzia mwezi wa Aprili, hoteli hupungukiwa na watu, na baadhi yao hufunga milango kabisa. Tena iko misiba isiyo na majira. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza wageni. Mlipuko wa hoteli ya Kikambala mnamo Novemba 2002 ulifanya vivyo hivyo, na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yakarudia hasara ile ile. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, ndege zilisimama na fuo zikabaki na kaa. Aliyekuwa na mnunuzi mmoja tu, yaani mgeni wa ufuoni, alibaki mikono mitupu. Mwenye wanunuzi wa jumla Nairobi, Kisumu au ng'ambo, ana nguzo zaidi ya moja ya kuishikilia nyumba yake.

NAMNA YA KUPATA BEI

Makosa makubwa ya mafundi wengi ni kuanza na bei ya sokoni na kurudi nyuma. Husema, "Ufuoni nauza kwa shilingi 250, basi kwa jumla nitauza nusu yake." Hiyo si hesabu, bali ni kubahatisha. Njia iliyo sawa ni kuanza na gharama na kupanda. Na tuchukue mfano wa jozi moja ya herini za shaba. Bei tutakazozitaja ni za mfano tu, na kila fundi ataweka za kwake.

Kwanza ni vifaa: waya wa shaba, kulabu za masikioni, shanga mbili, na kadi ya kutundikia. Tuseme jumla yake ni shilingi 60.

Pili ni kazi ya mkono. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa kuwa huona kama muda wao ni wa bure. Tuseme fundi ameamua ya kuwa siku yake ya saa 8 ina thamani ya shilingi 1,200, yaani shilingi 150 kwa saa. Ikiwa jozi moja humchukua nusu saa, ujira wake ni shilingi 75. Muda huo upimwe kwa saa ya ukutani, tena kwa kutengeneza jozi kumi mfululizo. Usipimwe kwa jozi moja iliyofanywa asubuhi mwili ukiwa na nguvu.

Tatu ni gharama zisizoonekana katika pambo lenyewe: mkaa, msasa, koleo linalovunjika, nauli ya matatu kwenda mjini kununua vifaa, leseni ya biashara, kodi ya chumba, na ada za kupokea fedha kwa simu. Gharama hizi zijumlishwe kwa mwezi mzima, kisha zigawanywe kwa idadi ya mapambo ya mwezi huo. Tuseme kila jozi yabeba shilingi 15.

Jumla ya gharama basi ni 60 na 75 na 15, yaani shilingi 150. Mtu akiuza kwa shilingi 150 amelipwa ujira, lakini biashara yake haikukua hata kidogo. Haina akiba ya kununulia koleo jipya wala ya kungojea mnunuzi anayechelewa kulipa. Kwa hiyo yapasa kuongeza faida. Akiongeza sehemu moja ya tano, yaani shilingi 30, bei yake ya jumla itakuwa shilingi 180. Mwenye duka akizidisha mara mbili, mvaaji atanunua kwa shilingi 360.

Sasa na tumrudie yule fundi aliyesema atauza nusu ya 250. Nusu yake ni shilingi 125, na gharama yake ni 150. Kila jozi itokayo mikononi mwake yampunguzia shilingi 25. Katika jozi moja hasara hiyo haionekani, kwa kuwa inafichwa na ujira wake mwenyewe. Lakini katika jozi 400 ni shilingi 10,000. Atafanya kazi usiku na mchana, majirani watamsifu kwa kupata oda kubwa, na mwisho wake ataingia deni la waya. Oda kubwa haiponyi bei mbaya. Huikuza tu ubaya wake.

Yule wa pili, aliyeuza kwa shilingi 180, atapokea shilingi 72,000 kwa jozi 400. Katika hizo, 24,000 ni za vifaa, 30,000 ni ujira wake, 6,000 ni za gharama nyingine, na 12,000 ni faida ya biashara. Kazi ni ile ile na shaba ni ile ile. Kilichowatenga mafundi hawa wawili ni karatasi moja ya hesabu.

Ikiwa baada ya hesabu yote bei imeonekana kuwa kubwa mno, asipunguze ujira wake kwanza. Aitazame kazi. Pengine waya wanunuliwa kidogo kidogo, hali kwa kilo ungekuwa rahisi. Pengine kuna mkunjo mmoja unaochukua dakika kumi, na mvaaji hauoni. Pengine kalibu ya mbao yenye misumari ingemwezesha kukunja jozi tatu kwa muda wa moja. Na ikiwa hata hivyo bei haishuki, basi pambo hilo ni la kuuzwa rejareja, wala si la jumla.

BEI MOJA, KAULI MOJA

Mwenye duka la hoteli akinunua herini kwako kwa shilingi 180 na kuziuza kwa 360, kisha mgeni akatoka nje akakukuta wewe ufuoni ukiziuza kwa shilingi 250, mambo mawili yatatukia. Mgeni atajiona amepunjwa dukani, na mwenye duka hatanunua kwako tena. Kwa hiyo fundi auzaye kwa njia zote mbili hana budi kuishika bei ya rejareja karibu na ile ya dukani, au awe na aina za mapambo za dukani na aina nyingine za ufuoni. Jambo hili ni gumu katika nchi yetu, ambako kununua na kupatana bei ni ndugu; lakini mnunuzi wa jumla hutaka bei iliyoandikwa, ambayo ni ile ile leo na kesho. Akipewa punguzo, lipewe wingi, wala lisipewe maneno matamu: bei moja kwa jozi 20, nyingine kwa jozi 100, nyingine kwa jozi 400. Tena kiwekwe kiasi cha chini kabisa, ambacho chini yake mtu hahesabiwi kuwa mnunuzi wa jumla.

SAMPULI, IDADI NA SIKU

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Neno hilo ni kweli kwa pambo moja. Kwa mapambo mia nne kuna neno la ziada: kizuri ni lazima kifanane. Mwenye duka aliyepiga picha ya herini na kuionyesha kwa wateja wake hataki jozi ya mia mbili iwe ndefu kuliko ile ya kwanza. Basi fundi atengeneze sampuli mbili zilizo sawa. Moja achukue mnunuzi, na moja ibaki kwake, imetundikwa mbele ya macho yake siku zote za kazi. Aandike pia urefu wake, uzito wake, unene wa waya na rangi ya ushanga. Kama ushanga ni wa kutoka ng'ambo, kama ule wa nchi ya Ucheki unaotumiwa sana na wafumaji wa Kimasai, ahakikishe ya kuwa rangi ile itapatikana ya kutosha kabla ya kutoa ahadi.

Kisha zihesabiwe siku. Jozi 400 kwa nusu saa kila moja ni saa 200, na saa 200 kwa siku za saa 8 ni siku 25 za kazi. Mtu apumzikaye siku moja kwa juma atahitaji zaidi ya majuma manne, bila kuhesabu ugonjwa, msiba, wala umeme kukatika. Mnunuzi akisema, "Nazitaka baada ya majuma mawili," fundi asiseme ndiyo kwa kuogopa kumpoteza. Aseme, "Majuma mawili nitakupa jozi 150, na zilizobaki mwezi ujao," au atafute msaidizi na kuuingiza ujira wake katika bei. Ahadi ni deni. Na katika biashara ya jumla ni deni lenye tarehe, kwa kuwa duka limekwisha kupanga vitu vyake kwa ajili ya Krismasi au Idi, na siku hizo hazingoji.

ARBUNI NA MALI KAULI

Fundi aliyepata oda hana budi kununua vifaa kabla hajaona fedha. Akikopa kwa riba ili anunue shaba, faida yake yote yaweza kuishia kwa mkopeshaji. Kwa sababu hiyo ni desturi njema kuomba arbuni. Katika mfano wetu, nusu ya shilingi 72,000 ni 36,000. Fedha hizo zanunua vifaa vyote na kulipa gharama nyingine, na bado zabaki shilingi 6,000 za kula wakati wa kazi. Mnunuzi asiyetaka kutoa arbuni hata kidogo anamtaka fundi maskini amkopeshe tajiri.

Kuomba arbuni si kukosa adabu. Shirika la dunia la biashara ya haki, lililoanzishwa mwaka 1989 na kujulikana kwa herufi WFTO, limeweka katika kanuni zake ya kuwa mnunuzi wa kazi za mikono atoe angalau nusu ya fedha mapema, bila riba, ikiwa fundi ameomba. Si kila mnunuzi amefungwa na kanuni hiyo, lakini fundi aweza kuitaja bila haya.

Kuna na njia nyingine, ambayo wafanyabiashara huiita mali kauli. Mwenye duka huvichukua vitu bila kulipa, na kuahidi kuleta fedha vikiisha kuuzwa. Njia hii yafaa kwa kulijaribu duka jipya kwa vitu vichache. Lakini hatari zake zijulikane. Vitu vikiibiwa au kufifia rangi, nani atapata hasara? Vikikaa miezi sita, vitarudishwa lini? Mambo hayo yaandikwe siku ya kwanza: idadi, bei, siku ya kuhesabu, na nani atawajibika kwa kilichopotea. Karatasi itiwe sahihi na pande mbili, na kila mmoja achukue nakala. Kumwandikia rafiki hakuvunji urafiki. Kinachouvunja ni kusahau.

Tena fundi asimtegemee mnunuzi mmoja, hata awe mwema namna gani. Kampuni ya Traidcraft ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1979 na kujulikana sana kwa kuuza vitu vya mafundi na wakulima wadogo wa nchi nyingi, ililemewa, na Januari 2023 ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa kampuni zilizoshindwa. Nia njema haikuizuia isianguke.

SHABA, RISASI NA MBEGU YENYE SUMU

Jambo hili linahusu fedha na afya pia, na kwa hiyo twaomba lisomwe kwa makini. Mafundi wengi hupata shaba kwa kuyeyusha bilula za maji, kufuli mbovu na vyombo vilivyochakaa. Ni akili njema kutumia kilichotupwa. Lakini shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, mara nyingi hutiwa risasi kidogo kiwandani ili ikatike kwa urahisi. Risasi hiyo haionekani kwa macho. Katika nchi za Jumuiya ya Ulaya, tangu Oktoba 2013, pambo haliruhusiwi kuuzwa likiwa na risasi zaidi ya sehemu 5 katika 10,000 za uzito wake. Kwa madini ya kadimiamu mpaka ni sehemu 1 katika 10,000. Nikeli nayo imewekewa mipaka tangu sheria ya mwaka 1994, kwa kuwa huwawasha watu wengi ngozi, hasa masikioni. Mnunuzi wa ng'ambo aweza kuipeleka herini moja kupimwa, na ikishindwa, mzigo wote ukakataliwa. Kwa oda ya ng'ambo, basi, heri kununua waya au bamba lijulikanalo lilikotoka, na kuzitafuta kulabu za masikioni zisizo na nikeli.

Hatari iko nyumbani pia. Shaba ikiyeyushwa hutoa moshi mweupe wa zinki, ambao ukivutwa kwa wingi humtia mtu homa na kutetemeka jioni ile ile. Vumbi la risasi ni baya zaidi kwa watoto, kwa kuwa hudhuru ubongo wao unaokua. Kazi ya kuyeyusha ifanywe nje penye upepo, mbali na jiko la chakula na mahali wachezapo watoto. Na fundi aoshe mikono na kubadili nguo kabla ya kula.

Katika mbegu, iko moja ya kuepukwa kabisa: mbegu ya mturituri, nyekundu yenye jicho jeusi. Ni nzuri mno, na katika nchi ya India masonara waliitumia zamani kupimia dhahabu. Lakini ndani yake mna sumu kali, na kuitoboa kwa sindano au kuitafuna ni hatari ya kufa. Mwaka 2011 bustani mashuhuri ya Eden Project huko Uingereza ililazimika kuwaomba wateja wairudishe bangili iliyofanywa kwa mbegu hizo. Mbegu nyingine zilizo salama zikaushwe vema zisiingie wadudu. Na zikipelekwa ng'ambo, afisa wa KEPHIS aulizwe kama cheti cha afya ya mimea chahitajika.

Mwisho, kuna vitu ambavyo sheria imevikataza. Kenya iliteketeza tani 12 za pembe za ndovu Nairobi mwezi wa Julai 1989, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kuzuia biashara yake. Gamba la kasa aitwaye ng'amba, ambalo zamani lilifanywa vitana na bangili, limekatazwa vile vile. Mfupa na pembe ya ng'ombe vyatosha kwa kazi nzuri. Lakini fundi aandike waziwazi kuwa ni vya ng'ombe, ili mteja wake asije akasimamishwa uwanja wa ndege.

PEKE YAKE AU PAMOJA?

Fundi ajitegemeaye si lazima awe peke yake. Mafundi watano wa mtaa mmoja wakinunua waya pamoja, hupata bei ya kilo badala ya bei ya kipande. Wakipokea oda pamoja, siku 25 za mtu mmoja huwa siku 5. Wakipeleka mzigo Ulaya, hugawana gharama za karatasi na usafirishaji. Na tangu Julai 1, 2024, kwa mapatano ya biashara kati ya Kenya na Jumuiya ya Ulaya, bidhaa za Kenya huingia huko bila ushuru wa forodha, zikiwa na ushahidi ya kuwa zimetoka kwetu. Lakini ushirika nao una sharti lake: kazi ya wote ifanane, na atakayeharibu airudie kazi yake. Pasipo sharti hilo, uvivu wa mmoja huwa sifa mbaya ya watano.

DAFTARI

Mambo yote tuliyoyataja hayawezekani pasipo kuandika. Daftari la shilingi chache latosha, likiwa na kurasa za namna nne: vifaa vilivyonunuliwa na bei zake, oda zilizopokewa, idadi na siku ya kuzitoa, fedha zilizoingia, arbuni na salio, na vitu vilivyo kwa watu kwa mali kauli. Kila mzigo utokao uwe na ankra yenye namba, na kila fedha iingiayo iwe na stakabadhi, hata kama imetumwa kwa simu. Fedha za biashara zitengwe na fedha za nyumbani. Na kama mwenye nyumba anadai kodi leo, fundi ajilipe ujira wake kwanza, kisha alipe kodi kwa ujira huo, asichote katika fedha za waya.

Wahenga wetu wa Pwani, waliofanya biashara na Uarabuni na Bara Hindi kabla ya benki kufika, walituachia neno hili: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Basi, fundi wa Mtopanga, au wa mahali pengine popote, akiulizwa kesho bei yake ya jumla, na asikimbilie kujibu. Afungue daftari, aitazame gharama ya jozi moja, ahesabu siku zake, kisha ataje bei yake bila kutetemeka. Mnunuzi mwema ataiheshimu, na akirudi mara ya pili atamkuta fundi yule yule, kwenye baraza yake, angali kazini.